Mama Mnara Aliyetupanga Kama Ndege

Kabla sijafika mbali, naomba radhi kwa mhariri na kwa wasomaji. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua, na tahajia niliyonayo ni ile niliyoondoka nayo darasa la saba. Naandika polepole. Mstari mmoja hunichukua muda wa kuchemsha chai, na nikiharakisha herufi zinapandana. Mkikuta neno limevunjika, liungeni wenyewe muendelee. Mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake, nikimsubirisha mpaka nijue kuandika vizuri, hataandikwa kabisa.

Tulimwita Mama Mnara. Jina lake la kweli nalijua, tuliache hapo. Nilikaa naye chumba kimoja Guangzhou, kule China, mtaa wa Sanyuanli, ile miaka ya mwisho ya tisini, wakati uwanja wa ndege ulikuwa bado mjini kabisa na ndege zikitua zinapita juu ya mapaa, chini kiasi cha kuona tairi zake. Mimi nilikuwa nanunua nguo za watoto kwa ajili ya duka la dada yangu Kariakoo. Yeye alikuwa ananunua mashuka na vitambaa vya mapazia. Lakini hiyo haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza ndege. Alikuwa amekaa mnarani Dar es Salaam miaka mingi, akachukua likizo bila malipo ili ajaribu biashara, na likizo hiyo ilikuwa inakaribia kwisha.

Alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwenye kiti chake. Biashara ilimwendea vizuri kuliko wengi wetu, ila aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia nyumba ya kupanga. Kikwazo kilikuwa sikio la kushoto. Lilikuwa limeanza kufifia, mwenyewe akisema ni kama redio iliyofunikwa na mto. Na mwongoza ndege harudi kitini bila karatasi ya daktari inayosema masikio yake ni mazima. Kwanza tulilijua hilo sisi wawili. Kisha akalijua Sudi, mfanyabiashara wa viatu kutoka Unguja, na Sudi akijua jambo, Watanzania wote wa Guangzhou wanalijua kabla ya chakula cha mchana.

Kwa umbo alikuwa mfupi, mnene kiasi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu cha mtoto. Ukimwona sokoni usingegeuka mara mbili. Ungegeuka akisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu, haina haraka, kila neno limesimama peke yake. Kadiri mambo yalivyovurugika ndivyo alivyozidi kuishusha. Siku moja lifti ya mizigo ilikwama tukiwa ndani na marobota yetu. Watu wakaanza kelele, mama mmoja wa Mwanza akawa anasali kwa nguvu huku akipiga mlango.

"Mmoja aseme," alisema Mama Mnara. "Wengine mpumue."

Alisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Watu wakanyamaza. Akabonyeza kengele, akasubiri, akabonyeza tena. Tulipotoka nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana. Lakini rubani akiisikia hofu yangu anakuwa na matatizo mawili, la kwake na la kwangu."

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "sawa". Nyumbani kwetu mtu akielezwa jambo anasema sawa, mambo yamekwisha, na kesho yake kila mmoja ana jambo lake kichwani. Yeye ukimjibu sawa alikukazia macho.

"Sawa nini? Nirudie nilichokwambia."

Alinieleza kwamba mnarani ndivyo wanavyoishi. Akimwambia rubani apande mpaka futi fulani, rubani hajibu kwamba amesikia. Anarudia agizo lote, neno kwa neno, na mwongozaji anasikiliza yale marudio kama vile ndiyo kwanza anaanza kazi. Agizo halihesabiwi kwamba limefika mpaka lirudi. Basi na sisi tukarudia. Nikitumwa vitunguu, narudia vitunguu. Nikiagiza magauni ya watoto dukani, nilimtajia laoban, yaani mwenye duka, rangi na saizi, halafu nasubiri naye anitajie. Mwanzoni yule laoban alicheka mpaka akaita jirani zake waje kuona. Baadaye akaona mizigo yangu hairudishwi, akaanza kuwarudishia na wateja wengine. Kwa mtu mwenye haya kama mimi hii ilikuwa nafuu kubwa. Sikulazimika kutafuta la kusema. Maneno yalikuwa yamepangwa tayari, mimi nayapitia tu.

Lakini kilichompa jina ni barabara ya Zhanqian. Iko karibu na stesheni ya treni, na maduka yake ya jumla yamebebana ghorofa juu ya ghorofa, ukiingia asubuhi unatoka miguu imevimba. Kabla hajaja, sisi Watanzania tulikuwa tunajiharibia wenyewe. Mmoja akigundua duka lenye suruali nzuri za jinzi, wote tunalivamia. Laoban akiona watu wanasukumana kwa kitu kimoja, bei inapanda ukiwa umesimama hapo hapo. Ukilalamika anakujibu "meiyou", kwamba ya bei ile imekwisha, na huku unaiona nyuma yake.

Mama Mnara alitutazama kwa muda, mikono nyuma, kisha akatuita kwenye ngazi.

"Mnagongana," akasema. "Ndege mbili zinaweza kupita mahali pamoja, wakati mmoja, na abiria wakaendelea kula karanga zao. Kwa nini? Kwa sababu moja iko futi elfu moja juu ya mwenzake. Sasa nyinyi nyote mko ghorofa ya pili."

Tangu siku hiyo akatupanga. Alisimama chini ya ngazi, sikio la kulia likituelekea sisi. Mmoja anaingia dukani. Mpaka atoke na ageuze kona, hakuna mwingine anayekanyaga pale, kama ambavyo ndege haitui mpaka iliyotangulia iwe imetoka kwenye njia ya kurukia. Waliobaki aliwapeleka ghorofa nyingine wazunguke, kila mmoja ghorofa yake.

"Sudi, panda ya nne. Zunguka kwenye viatu."

"Nizunguke hadi lini, Bi Mkubwa? Mie mafuta yataniishia!"

"Yakikaribia kwisha niambie, nitakutanguliza. Usije kuniambia umeshaanguka."

"Na chooni je? Huko natua kwa ruhusa ya nani?"

"Huko ni dharura. Tua."

Watu walicheka, lakini walizunguka, na bei zikashuka. Zilishuka kwa sababu laoban aliona mtu mmoja mmoja, mwenye nafasi, asiyetazama nyuma.

Kulikuwa na jambo jingine alilolifanya ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Ikiwa mnunuzi mkubwa, wale wa kujaza kontena zima, ametoka tu dukani, Mama Mnara alitukataza kuingia. Alituagizia chai tukakaa. Nikamuuliza tunasubiri nini na duka liko tupu.

"Mzito amepita," akasema. "Ndege kubwa ikiruka inaacha nyuma yake hewa iliyochafuka. Huioni, lakini ndogo ikiingia hapo inapinduliwa. Kwa hiyo ndogo tunaisimamisha, rubani ananuna, hewa inatulia, anaruka. Huyu laoban sasa hivi kichwa chake bado kina oda ya kontena. Ukimwendea na dazeni zako mbili atakufukuza kama nzi."

Tulikunywa chai. Yule laoban alikunywa yake. Nilipoingia alinipa kiti.

Msifikiri alikuwa mtu wa mpangilio kila mahali. Chumbani kwetu upande wake ulikuwa kama gulio lililokumbwa na kimbunga. Funguo alizipoteza kila wiki, na mara nyingi zilikuwa mkononi mwake. Mtu aliyewahi kuzitenganisha ndege angani alikuwa hapiti mlangoni bila kugonga bega. Akiona mende alipanda kitandani na kupiga yowe, na lile agizo la mmoja aseme wengine wapumue halikumsaidia hata kidogo. Chakula alikila mbiombio kama anafukuzwa, akisema mnarani muda wa kupumzika ni mfupi na lazima, kwa sababu mwongozaji haruhusiwi kukaa kitini mpaka achoke. Nilimwambia hapa hakuna zamu. Akasema tumbo lake halijaambiwa.

Tena alikuwa hajui kuachia. Hili nalo alilitoa kazini. Akiwa anapika na simu inamwita kwa mwenye nyumba, alinikabidhi jiko rasmi kabisa.

"Moto mdogo. Chumvi tayari. Nazi bado. Sufuria lako."

"Moto mdogo, chumvi tayari, nazi bado. Sufuria langu."

Basi si angeondoka? Aliendelea kusimama nyuma yangu, akifuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Mama, simu."

"Naenda."

Haendi. Baadaye aliniambia makosa mengi hutokea zamu ikishabadilika tu, yule mpya anapodhani ameshaona kila kitu. Kwa hiyo anayetoka hasimami akaondoka. Anabaki kidogo nyuma ya kiti, anatazama anachokitazama mwenzake, mpaka aone mwenzake ameshika kweli. Mwanawe, aliyekuwa amepiga kutoka nyumbani, alikuwa ameshakata.

Jioni tulipanda juu ya paa kuanua nguo. Huko ndiko nilikojifunza zaidi. Nilikuwa nafikiri ndege ikishapaa rubani anajiendea anakotaka, kama mtu mwenye baiskeli. Akanieleza kwamba ndege haikosi mwenyewe hata kidogo. Ikiwa chini, yupo anayeiongoza itembee bila kugonga nyingine. Ikifika mwanzo wa njia, inapokelewa na anayetoa ruhusa ya kuruka. Ikishapaa, anaipokea mwingine anayeona zinazokuja na zinazoondoka. Huyo naye anamkabidhi wa masafa marefu, na mpakani nchi jirani inaipokea. Kila kukabidhi kuna maneno yake, na hakuna anayeachia kabla mwenzake hajasema ameipata.

"Na watu wote hao, abiria hawajui hata mmoja," nikasema.

"Wakitujua ujue siku hiyo imekuwa mbaya."

Akiwa pale juu alikuwa hawezi kuziona ndege bila kuzipima nafasi. Waongozaji wa Guangzhou hakuwajua, ila alishaamua kwamba zamu ya jioni inashikwa na mwanamke. Alimwita "dada yetu". Ndege zikija zimepangika vizuri, moja nyuma ya nyingine, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Dada yetu leo amelala usingizi mzuri." Zikisogeleana alipiga ulimi. "Mgeuze huyo, dada. Mgeuze. Haya, umemgeuza." Siku nyingine ndege zilizokuwa zinatua juu yetu zilibadilika, zikaanza kupaa juu yetu kwa kishindo, naye akapiga kelele ghorofa nzima: "Wamegeuza uwanja! Upepo wa kusini! Anueni nguo, mvua inakuja!" Kwa sababu ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, upepo ukigeuka wanageuza na njia. Mara ya kwanza mvua ilikuja kweli, tukamwona nabii. Mara ya pili majirani Wachina kwa Waafrika walianua nguo zote zikiwa mbichi, na jua likawaka mpaka magharibi. Jirani mmoja hakumsalimia wiki nzima.

Alizoea kufumba macho na kuniambia, "Sasa inakuja." Kisha ndege inakuja. Alikuwa akijipima sikio. Siku alizopatia alishuka ngazi akiimba. Siku nyingine alisema inakuja, nami nikatazama mbingu tupu, nikanyamaza. Sikujua kwamba pale ndipo penyewe.

Likizo ilipobaki kidogo mkuu wake alimkumbusha kwa simu: kiti chako kipo, lete karatasi ya masikio. Aliogopa kupimwa Dar, ambako daktari anajuana na mnara mzima. Tulikuwa tunakula kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, Sudi akasogeza bakuli lake.

"Bi Mkubwa, unajisumbua nini? Kuna daktari kule nyuma ya stesheni. Ukimwambia wataka masikio mazima, anakuandikia masikio mazima. Ukitaka manne, anakuandikia manne."

Mimi nilicheka. Nikamsubiri Mama Mnara amkemee. Hakumkemea. Alizungusha tambi kwenye vijiti vyake, akasema, "Nitafikiria."

Asubuhi yake nilimkuta amevaa gauni la kanisani.

"Twende hospitali kubwa," akasema. "Ya kweli. Nikifaulu, Sudi ale karatasi zake."

Nilikwenda kama mkalimani, ingawa Kichina changu kilikuwa cha kuuliza bei, rangi na saizi, na masikio hayana saizi. Kwa bahati daktari, msichana mdogo mwenye miwani mikubwa, alijua Kiingereza kidogo. Mama Mnara alimwongelesha kile Kiingereza cha redio, kila neno na nafasi yake, na daktari akaelewa yote. Akasema hajawahi kumwelewa mgeni vizuri hivyo. Mama akavimba kichwa.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo cha kioo, wakamvisha vile vya kusikilizia vya kufunika masikio. Mngemwona! Alikaa wima, mabega yakashuka, akafumba macho. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwao. Mkononi alipewa kitufe. Akisikia mlio, abonyeze. Nje, kwenye mashine ya daktari, taa ndogo iliwaka kila alipobonyeza, na mimi nilikuwa nimesimama karibu, naona vyote.

Sikio la kulia, taa iliwaka bila kusita, hata kwa milio ambayo daktari alisema watu wengi hawaisikii. Wakahamia la kushoto. Taa ikawaka. Ikawaka tena. Nilifurahi mpaka nikashika kiti. Halafu nikatazama mkono wa daktari. Daktari alikuwa ameutoa kwenye mashine, ameuweka magotini. Taa ikawaka. Daktari akanitazama, mimi nikamtazama. Taa ikawaka tena, kwa mwendo ule ule, kama mtu anayejibu salamu.

Mama Mnara alitoka uso unang'aa.

"Nimesikia zote!"

Daktari alimkalisha. Akamweleza taratibu kwamba upande wa kushoto alifika mahali akaacha kabisa kupeleka mlio, ila kitufe kiliendelea kubonyezwa.

"Rudia," akasema Mama Mnara.

Daktari akarudia.

"Ulinyamaza," akasema Mama Mnara. "Mimi nikabonyeza."

"Ndiyo."

"Lakini mimi nilisikia."

"Naamini ulisikia," daktari akasema. "Ulikuwa unasubiri sana."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la bustani ya Liuhua, wazee wakicheza karata pembeni yetu. Nikamwambia angalau sikio la kulia ni zima.

"La kulia zima," akasema. "Na la kushoto halina kosa, limekufa limenyamaza zake kwa heshima. Aliyebonyeza ni huyu hapa." Akagusa paji la uso. "Mwanangu, unajua kinachotutisha mnarani?"

"Ndege kuanguka."

"Ndege ikiwa na shida rubani atasema, na wengine wote tutawaweka pembeni tumfungulie njia. Kinachotisha ni rubani kurudia vibaya na mimi nikasikia vizuri. Nikasikia nilichokuwa nakingoja. Hapo sote wawili tunafurahi, na hakuna wa kutuambia."

Aliwatazama wale wazee na karata zao. Kisha akasema ana kiu, nikamnunulie juisi ya miwa. Nilipoileta aliionja, akasema ni maji matupu, miwa ya Kilombero ingewaonyesha. Akainywa yote.

Sudi hakuwa na habari. Jioni yake alitukuta mgahawani, akaja anacheza kabisa, bahasha mkononi.

"Bi Mkubwa, kazi imekwisha! Masikio yako haya, mapya, bado yana nailoni!"

Mama Mnara alivaa miwani, akaitazama karatasi. Ilikuwa Kichina kitupu na mhuri mwekundu wa kutosha.

"Inasemaje?"

"Yasema wasikia."

"Mpaka wapi?"

"Hadi mbu akipiga chafya Bagamoyo!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Sudi akacheka, na mimi nikacheka kwa woga. Kisha akaikunja karatasi taratibu, akaiweka chini ya kiganja.

"Sudi, mkeo anakuja lini?"

"Akishatoka arubaini."

"Atapandia Dar?"

"Dar, ndiyo."

"Na mtoto?"

"Na mtoto, Bi Mkubwa, si ananyonya."

"Siku hiyo unataka nani awe kitini?"

Sudi akatazama kile kiganja, akatazama sikio la kushoto la Mama Mnara, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Nipe karatasi yangu, Bi Mkubwa."

Akampa. Sudi akaitumbukiza kwenye mchuzi wa tambi zake, mhuri na vyote, akaukoroga, halafu akamwita mwenye mgahawa amletee bakuli jingine.

Siku ya pili nilimsindikiza kwenye duka la simu. Alimpigia mkuu wake, mkono wa simu ameubana kwenye sikio la kulia. Hakuzunguka wala hakusalimia sana.

"Sirudi kitini," akasema kwa ile sauti ya chini. "Sikio la kushoto halifai, na nimesikia kisichokuwepo. Mpe kiti mwingine. Nirudie nilichosema."

Nadhani yule mkuu alijaribu kusema sawa, kwa sababu Mama Mnara alitikisa kichwa, akasema, "Hapana. Rudia." Kisha nikamwona amefumba macho, anasikiliza, midomo inamcheza.

"Sahihi," akasema. Akaweka simu.

Alirudi nyumbani na mashuka yake, mimi nikabaki. Watu wa Zhanqian walijaribu kujipanga wenyewe, na kwa siku chache tulifanikiwa, kisha tukarudia kugongana, ingawa kwa adabu zaidi kuliko zamani.

Misimu kadhaa baadaye, sokoni, nikiwa nimeinamia soksi za watoto, nikasikia nyuma yangu, "Saizi hizo zinadanganya, mwanangu. Vuta uone." Nikageuka. Alikuwa yeye, amenenepa, ana kifaa kidogo cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto. Nilimkumbatia mpaka laoban akapiga makofi.

Alisema kifaa kinamtesa. Sasa anawasikia majirani zake wote, na ndoa zao hazina siri. Alisema pia kwamba wamempa darasa. Anafundisha vijana wanaoanza kazi ya mnara, na wanamwogopa. Nilimuuliza kama haumii, kuwafundisha wengine kukaa pale alipotaka kukaa yeye. Akavuta soksi moja, akaipima.

"Safari hii nimekosa chakula cha ndege," akasema.

"Walikunyima?"

"Nililala."

Nikadhani anabadilisha mazungumzo. Lakini aliendelea.

"Miaka yote nikipanda ndege Dar silali hadi tuvuke mpaka wa nchi. Nakaa nimeshika mkono wa kiti. Najua zamu ni ya nani, najua nani mtoto wake ana homa, najua nani hapendi kurudiwa maneno. Safari hii kabla ya kupanda niliuliza kitini kuna nani. Wakaniambia ni yule binti wa Singida. Huyo ni wangu, mwanafunzi wangu wa kwanza, ndiyo anaanza kukaa peke yake. Nikafunga mkanda. Nikasikia tunaanza kutembea. Basi. Nilipozinduka, mhudumu anakusanya trei, na jirani yangu amekula mkate wangu."

"Kwa hiyo ulimwamini."

"Mimi sijui. Nilisinzia tu." Akairudisha soksi kwenye fungu lake. "Na bado nina njaa tangu juzi. Twende tukale."

Tukaenda tukala, na alikula mbiombio kama zamani.

Huyo ndiye Mama Mnara, kwa kadiri kalamu yangu ilivyoweza kumbeba. Wewe uliyefika mpaka hapa, kama na wewe umewahi kukiachia kiti ulichokipenda, niandikie kupitia kwa mhariri unieleze siku hiyo ulilala vipi. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu, nitausoma wote, na nitakujibu, ila uwe na subira, kwa sababu naandika polepole.